Maji ya pweza yamemwagika ndani ya Noah: namna ya kusafisha bila kuwadhuru watoto

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Mikindani, nina Noah ya siti za kitambaa. Asubuhi inapeleka watoto shule, mwisho wa wiki nabebea pweza na samaki kwenda Masasi. Majuzi ndoo ya pweza ilipinduka njiani, maji yote yakaingia kwenye kapeti la nyuma. Vijana wa kuosha magari walipiga maji ya presha humo ndani, wakamalizia na Jik. Siku tatu baadaye harufu ikawa mbaya kuliko mwanzo, kapeti limeota ukungu pembeni, na taa ya eabegi kwenye dashibodi inawaka haizimi. Pia siti ya nyuma ina doa jeusi la mafuta ya ganda la korosho, la tangu msimu uliopita, na jirani anasema nilifute kwa petroli. Mtoto wangu wa mwisho ana pumu. Naomba unielekeze njia isiyo na madhara.

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na mambo ya kuacha, maana mawili kati ya hayo yanaweza kumuumiza mtu leo hii. Petroli usiiguse. Na siki au ndimu, ambazo watu wengi watakushauri (siki hata mimi nitakuelekeza huko mbele), zisifike kwenye kapeti hilo mpaka Jik yote iwe imeoshwa ikatoka.

Jik ni maji ya sodiamu haipokloraiti. Ikikutana na tindikali, hata hii nyepesi ya siki, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na vitu vyenye asili ya amonia, kama mkojo wa mtoto au maji ya samaki aliyeanza kuoza, inatoa kloramini. Zote mbili zinachoma macho, koo na mapafu, na ndani ya gari lililofungwa zinajaa haraka kuliko unavyodhani. Kama vijana waliimwaga moja kwa moja juu ya maji ya pweza, ile harufu kali ya kuwasha pua huenda ilikuwa hiyo. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa pumzi chache tu. Kwa hiyo mtoto wako asipande gari hilo mpaka kazi iishe, hata kama ni safari ya dakika tano.

Petroli nayo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukatokea dirishani. Unashuka na kutulia sakafuni, chini ya siti, palepale penye nyaya na mota. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Mtwara. Cheche ya swichi ya taa ya dari inatosha. Cheche ya umemetuli inayotokea ukisugua kitambaa cha siti inatosha. Juu ya hayo ina benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu kwa wanaoivuta kwa muda mrefu, na inayeyusha gundi inayoshika kitambaa na sponji ya siti. Mafuta ya taa na thina nazo usizitumie. Najua mafundi wengi wanazitumia, na najua doa linatoka. Bado nakukataza.

Taa ya eabegi usiichukulie kama jambo la kusubiri. Chini ya siti za mbele hupita nyaya zenye soketi, aghalabu za rangi ya njano, na hiyo njano ndiyo alama ya mfumo wa eabegi na mikanda. Maji yakipenya, pini za soketi hushika kutu, kompyuta ya gari inaona hitilafu na kuwasha taa. Taa ikiwaka, usitegemee eabegi kufunguka siku ya ajali. Soketi hizo usizichomoe mwenyewe. Mpelekee fundi umeme wa magari mwenye mashine ya kusoma hitilafu na umwambie wazi kwamba gari liliingia maji ya chumvi, asije akafuta kosa kwenye mashine na kukurudishia funguo. Anayejua kazi ataondoa kwanza waya hasi ya betri na kusubiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90, kwa sababu umeme hubaki umehifadhiwa ndani ya mfumo hata betri ikitolewa.

Sasa tuje kwenye kapeti, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Kilichokuharibia gari si pweza peke yake, ni maji yaliyobaki. Kapeti unaloliona ni tabaka la juu tu. Chini yake kuna felti nene au sponji ya kuzuia kelele na joto, na chini kabisa ni bati. Presha ya maji iliusukuma uchafu kutoka juu ukashuka kwenye felti, mahali ambapo jua halifiki wala upepo haupiti. Huku kwetu pwani hewa yenyewe ina unyevu kutwa, hasa kuanzia mvua za Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na felti ikishajaa maji haikauki yenyewe. Bakteria wanaendelea kula mabaki ya pweza humo ndani, kuvu inaota, na harufu inapanda. Jik iliyomwagwa juu haikufika huko ikiwa na nguvu ya kufanya lolote.

Kuna jambo jingine ambalo waoshaji wengi hawalifikirii. Maji yale yalikuwa ya chumvi. Wewe ni mtu wa pwani, unaijua nguo iliyolowa maji ya bahari: mchana inakauka juani, usiku inarudi kuwa na unyevunyevu. Chumvi ya bahari huvuta maji kutoka hewani. Kapeti lenye chumvi utalikausha leo, kesho asubuhi utalikuta limelowa bila mtu kumwaga hata tone, na bati chini yake linaendelea kuliwa na kutu. Ndiyo maana kwa gari lako kufuta kwa kitambaa kibichi hakutoshi. Kwa madoa ya kawaida nasisitiza maji kidogo iwezekanavyo ndani ya gari. Kwa hili lako kapeti litoke nje, lioshwe kwa maji baridi mengi, na ndani ya gari maji yasiingie tena.

Mtafute fundi siti akufungulie siti za nyuma. Ni bolti chache, ila kabla ya kuinua achungulie chini kama kuna waya wowote uliounganishwa. Plastiki za kizingiti cha mlango hushikwa na klipu, huvutwa taratibu kuelekea juu. Kapeti likiachia kingo zake, likunje kutoka nyuma kuja mbele na utoe felti iliyo chini. Kama sehemu ya mbele haitoki bila kufungua vitu vingi, inyanyue na uweke kipande cha mbao kama kigingi ili upepo upite. Vaa glavu, vaa barakoa, na kazi yote ifanyike nje, milango ikiwa wazi na upepo ukikupiga mgongoni. Ukungu usiupige brashi ukiwa mkavu, maana unarusha vumbi la kuvu hewani. Ulowanishe kwanza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ufute, na kitambaa chenyewe ukitupe.

Itazame felti kwa makini. Ikunjue katikati: ukiona vitone vyeusi au vya kijani ndani kabisa, usijaribu kuiokoa. Tupa. Fundi siti atakukatia nyingine kwa umbo la ile ya zamani, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua dawa za harufu kila wiki. Ikiwa safi ndani, ioshe pamoja na kapeti kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko. Mwaga maji baridi, kanyaga kwa miguu, acha yatoke, rudia mpaka yatoke meupe na harufu ya Jik iwe imekwisha kabisa. Maji yasiwe ya moto. Damu na ute wa pweza ni protini, na joto huzigandisha kwenye nyuzi za kitambaa kama ute wa yai kwenye kikaango. Baada ya hapo tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5, piga kwa brashi laini, suuza tena mpaka povu liishe. Sabuni inayobaki hunata, na kitu kinachonata kitakamata vumbi jekundu lote la Newala na Masasi mwezi mmoja tu baadaye. Sabuni ya unga iache. Ni kali, na huacha chembe zisizoyeyuka.

Hapo ndipo siki inapoingia, na hapo tu. Harufu ya samaki inatokana zaidi na kitu kinachoitwa trimethilamini, ambacho kwa tabia ni cha upande wa alkali. Ukikipa tindikali kinageuka kuwa chumvi isiyoruka hewani, na pua yako haikipati tena. Mama zetu wanapopaka samaki ndimu kabla ya kukaanga wanafanya kazi hiyo hiyo. Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe na viwili vya maji, pulizia kapeti mpaka liwe bichi kidogo, liache nusu saa, suuza. Ndimu yenyewe usiitumie kwenye kapeti, ina sukari na rangi, itakuletea sisimizi.

Wakati kapeti likiwa nje, shughulikia bati. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, mara kadhaa, kutoa chumvi, kisha ulikaushe kwa kitambaa kikavu. Fuatilia nyaya zinakopita na usizimwagie. Magari mengi yana vizibo vya mpira sakafuni. Ukiona maji yamesimama kwenye bonde la bati, chomoa kizibo yashuke, kisha ukirudishe kikaze vizuri. Pitisha kidole kwenye maungio ya bati. Kikirudi na unga wa rangi ya kahawia, kutu imeanza, na hapo panahitaji brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu kabla ya kitu chochote kurudishwa.

Kukausha kunataka subira kuliko hatua zote. Tundika kapeti na felti kwenye kamba, uso wa chini ukitazama jua, na uvigeuze. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo mkavu utakusaidia sana. Wakati wa mvua panga siku zaidi na tumia feni ndani ya nyumba. Kabla ya kurudisha, kunja gazeti kavu, liweke katikati ya felti, kanyaga kwa uzito wako wote kwa dakika moja. Gazeti likitoka na unyevu hata kidogo, haijakauka. Wengi wanashika kwa mkono wakaona ni kavu, kumbe katikati bado. Ikishakauka kweli, na harufu kidogo bado ipo, nyunyiza bekingi soda, iache usiku kucha, asubuhi uivute kwa vakyumu. Usiichanganye na siki kwa pamoja. Povu linapendeza machoni, lakini kila kimoja kinaua nguvu ya mwenzake na unabaki na maji yenye chumvi ya aina nyingine, wakati chumvi ndiyo tunayohangaika kuitoa.

Doa la korosho ni jambo la peke yake, na nyie watu wa Mtwara na Lindi mnalijua kuliko mtu wa Arusha. Mafuta ya ganda yana asidi ya anakadi na kadoli, yanababua ngozi. Mkorosho na mwembe ni wa jamii moja, na utomvu wa embe bichi unaochoma midomo ya watoto ni ndugu yake. Kwa hiyo usilisugue kwa mkono mtupu, na mtoto asikalie doa bichi akiwa na kaptula. Doa likiwa jipya, lifunike kwa wanga au pauda ya talkamu linyonye, kwangua kwa ukingo wa kijiko, kisha kitambaa chenye tone la sabuni ya vyombo, ukigonga kutoka ukingoni kuja katikati. Lako ni la msimu uliopita. Mafuta haya yakikaa na kupata joto hujigeuza kuwa utomvu mgumu kama vanishi, na kwa sababu ya ugumu huo viwanda hutengenezea rangi na hata vitu vya kutia kwenye pedi za breki. Likishafika hapo halirudi nyuma. Jaribu sabuni mara mbili. Rangi ikipungua, shukuru, na kilichobaki ushonee kava. Afadhali doa chini ya kava kuliko siti yenye mvuke wa petroli.

Kagua pia mikanda ya nyuma, kwa sababu watu hawaitazami. Kama Jik iliufikia mkanda, uvute wote mpaka mwisho na uukague taratibu kwenye mwanga. Ukiona sehemu imepauka, imekakamaa, au nyuzi za ukingoni zimeanza kuchomoza, mkanda huo ubadilishwe. Dawa za kupaushia hudhoofisha nyuzi, na mkanda dhaifu unaweza kukatika siku unayouhitaji. Ulio mzima usafishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, futa kwa kufuata urefu wake, kisha uubane kwa kibanio cha nguo ukae nje kivulini mpaka ukauke. Ukiuachia ujirudishe ukiwa mbichi, unapeleka unyevu kwenye springi iliyo ndani ya nguzo ya gari.

Dashibodi na milango haina mambo mengi: kitambaa laini kilicholowa kidogo na sabuni kidogo. Dawa pulizia kwenye kitambaa, si kwenye redio wala swichi za vioo. Yale mafuta ya kung'arisha hayana faida hapa; yanarudisha mwanga wa jua kwenye kioo cha mbele na kukupofusha, na yakifika kwenye usukani au pedali yanateleza. Kopo la dawa ya kupulizia nalo usiliache garini. Makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na gari lililofungwa juani hufika huko bila shida.

Kwa kuwa nyumbani kuna pumu, fungua droo iliyo mbele ya abiria. Kwenye Noah nyingi filta ya hewa ya ndani ipo nyuma yake. Hewa yote ya AC inapita pale, na kwa siku hizi imepitisha vumbi la kuvu. Usiipige upepo na kuirudisha, weka mpya. Kisha ujizoeze kuzima AC dakika chache kabla ya kufika, feni ikiendelea, ili mabomba yake ya ndani yakauke na kuvu isiote tena huko. Udi na ubani usivukize ndani ya gari kuficha harufu. Moshi wake unabana kifua cha mwenye pumu kama moshi mwingine wowote, na kaa la moto karibu na kapeti ni hatari ya wazi.

Kuhusu biashara, Masasi ni karibu kilomita 200, na ndoo isiyo na mfuniko haiwezi kufika salama. Tafuta kasha la barafu lenye mfuniko unaobana, lifunge kwa kamba kwenye vyuma vya siti, na chini yake utandike turubai lililokunjwa kingo zake kwenda juu kama beseni. Maji ya barafu yamwage nje, chini, kabla ya kuondoka na kila unaposimama. Siku ya kubeba samaki kapeti la juu lingetolewa kabisa lingekuwa bora zaidi.

Mtoto wako mwenye pumu awe wa mwisho kurudi ndani ya gari. Kabla yake, funga vioo vyote gari likiwa juani saa sita mchana, liache saa nzima, kisha ufungue mlango wa nyuma na uinamishe pua karibu na sakafu. Joto hutoa kila harufu iliyojificha. Ukinusa samaki au uvundo, kagua kwanza felti iliyo pembeni juu ya matairi ya nyuma, nyuma ya zile plastiki za ukutani. Maji huingia pale gari linapokata kona, na watu wengi hawafungui sehemu hiyo.